Dada, Umepima?

Rotifa aliyekufa haogelei. Macho alilijua hilo kama alivyojua kwamba maji hayapandi mlima. Kila asubuhi alichota maji kidogo kutoka kwenye pipa, akayadondoshea tone moja la iodini ili waliomo wafe, watulie, wahesabike. Maana mdudu mdogo kuliko punje ya chumvi, tena mwenye mbio, huwezi kumhesabu akiwa hai. Kisha aliweka kioo chini ya hadubini, akafumba jicho moja, akaanza: mmoja, wawili, watatu.

Asubuhi hiyo alifika themanini na wawili. Akainua uso ili aandike. Aliporudisha jicho, wote themanini na wawili walikuwa wanaogelea.

Hawakuogelea ovyo. Walizunguka polepole, wote upande mmoja, kama mshale wa saa.

Macho alipangusa lenzi, akatazama tena. Halafu akaongeza tone la pili, wakatulia. Akaandika themanini na mbili daftarini, akajiambia iodini imechakaa, akamwaga maji yale kwenye sinki. Sinki likayameza kwa sauti ya mtu anayemeza mate.

Kazi yake ilikuwa kufuga chakula. Katika kituo kile walizalisha vifaranga wa samaki wa baharini, na kifaranga anapoanguliwa ni mwembamba kama kope, ana macho mawili meusi na kinywa ambacho hata ncha ya sindano ni kubwa kwake. Tena ana deko: chakula kisichotikisika hakitambui. Ukimpa kilichokufa atakufa njaa huku kinamgusa mdomo. Ndiyo maana walifuga rotifa, wadudu wa majini wenye taji la nywele kichwani linalozunguka bila kuchoka, likivuta kila kinachopita.

Rotifa waliishi katika pipa refu la plastiki angavu. Juu yake neli ilidondosha maji ya kijani yaliyo chakula chao, to, to, to, na ubavuni neli nyingine ilitoa ziada ikaenda kwa vifaranga. Kinachoingia ndicho kinachotoka. Taa za chumba kile hazikuzimwa, kwa hiyo chumba hakikujua usiku. Mtu akiugua, mwingine alishika zamu. Mtu akifiwa, matone hayakufiwa. Miaka tisa pipa lile halikukatika hata siku moja.

Hadi wiki tano kabla ya asubuhi hiyo.

Wenzake walimwita Macho kwa sababu aliona wasichokiona wengine. Mwenzake wa karibu, fundi wa mabomba na pampu, walimwita kwa jina la kazi yake: Bomba. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kikohozi kidogo kilichotangulia kila swali lake, kama mtu anayebisha hodi kabla ya kuingia. Maji ya bahari yalipoingia kituoni yaliwekwa kwenye tangi jeupe, yakatiwa klorini kuua kila kiumbe kigeni, yakalala, kisha yakatiwa chumvi ya kuiua klorini yenyewe. Baada ya hapo yalipimwa. Unajaza kichupa cha kioo, unadondosha matone matatu ya dawa. Maji yakigeuka manjano, sumu bado imo. Yakibaki meupe, fungua.

Kupima ilikuwa kazi ya Macho. Kufungua ilikuwa kazi ya Bomba. Na kwa miaka yote waliyofanya kazi pamoja, Bomba hakuwahi kugusa koki kabla ya kukohoa na kuuliza, "Dada, umepima?" Naye hujibu, "Nimepima." Ilikuwa kama kiitikio cha wimbo.

Siku ile pipa lilipokatika, Macho alipoulizwa hakuwa amepima. Wala hakuwa na mgonjwa nyumbani, wala msiba, wala homa. Laiti angekuwa na homa! Alikuwa amekaa kwenye kiti kirefu, simu mkononi, anatazama picha za harusi ya mtu asiyemjua.

"Dada, umepima?"

"Nimepima," akasema, bila kuinua kichwa. Alikuwa amefika kwenye keki.

Kabla saa haijatimia, pipa la miaka tisa lilikuwa jeupe kama maji ya kuoshea mchele. Rotifa wote walilala chini, unga mtupu. Meneja alikuja anatembea kwa kishindo, wafanyakazi wengine nyuma yake.

"Nani amefungua maji?"

"Mimi," Bomba akasema. "Lakini niliuliza kama..." Akanyamaza, akamtazama Macho. Hakumshitaki. Alimngoja tu.

Macho akainama, akaweka jicho kwenye hadubini. Chini ya lenzi hakukuwa na kitu. Hakuwa ameweka hata kioo. Akatazama ule mwanga mtupu, akasema, "Sikusikia mtu akiuliza."

Bomba hakubisha. Alivua koti lake la kazi la buluu, akalikunja mara mbili, akaliweka juu ya meza kama mtu anayelaza mtoto. "Haya dada," akasema. "Kazi njema."

Katika friji kulikuwa na kichupa cha akiba kilichokaribia kukauka. Macho alipata humo tone moja lenye uhai. Tone moja tu. Lakini rotifa ni majike watupu, hawangoji dume wala mahari. Mmoja huzaa, wanawe huzaa, wajukuu huzaa kabla bibi yao hajachoka. Siku ya kumi na nne pipa jipya lilikuwa limejaa. Meneja akamsifu mbele ya watu, watu wakapiga makofi, na Macho akatabasamu huku masikio yake yanaungua.

Ilikuwa katika pipa hilo jipya ambamo wafu waliogelea.

*

Baada ya asubuhi ile, ikaanza harufu. Macho alikuwa nyumbani, anamimina chai, mama yake amekaa mkekani anachambua mchele.

"We mtoto," mama akasema baada ya funda la kwanza, "kikombe hiki umekioshea nini? Kinanuka dawa ya kufulia mashuka."

"Nimekiosha kwa sabuni, mama."

"Basi ni mikono yako. Hebu." Mama akaishika, akainusa kiganja hadi kwenye kifundo. Uso wake ukajikunja. "Mwanangu, huko kazini mnafuga samaki au mnaosha maiti?"

Walicheka wote wawili. Macho ndiye aliyenyamaza wa kwanza. Alioga mara mbili. Asubuhi mto wake wa kulalia ulinuka klorini, na pale ulipolala mdomo wake palikuwa na alama nyeupe, rangi ya kitambaa imekufa, duara dogo lenye umbo la neno linalotoka.

Njia ya kwenda kazini ilipita penye kona ambako Bomba sasa aliziba pancha za baiskeli. Macho alikuwa amejaribu njia nyingine, lakini ilikuwa na mbwa.

"Dada Macho!" Bomba aliinua mkono wenye grisi. "Watoto hawajambo?"

Alimaanisha vifaranga. Siku zote aliwaita watoto.

"Hawajambo."

"Wanakula?"

"Wanakula."

"Ile pampu ya pili usiiamini, ina kiburi. Ikinyamaza, ipige kofi moja tu, itasikia." Akacheka, akarudi kwenye tairi lake. Hakuuliza kingine. Heri angemtukana. Matusi mtu hufuta usoni na kuendelea na safari. Wema ule ulimwingia ndani na kukaa.

Na vifaranga hawakuwa wanakula. Meneja alimwita, akamwonyesha kifaranga chini ya hadubini. Kifaranga ni angavu, tumbo lake huonekana kama chumba chenye pazia lililofunguliwa. Lilikuwa tupu.

"Daftari lako linasema wana chakula tele," meneja akasema. "Tumbo linasema wana njaa. Sasa kati ya kalamu yako na tumbo la samaki, nani mwongo?"

"Nitahesabu upya, bosi."

"Hesabu. Na kesho hesabu tena. Tangu jana wamekufa elfu nne."

Macho alikwenda kusimama kando ya tangi la vifaranga. Maelfu ya vijimacho vyeusi yalikuwa yametawanyika majini kama ufuta uliomwagika. Kisha, polepole, bila mkondo wowote, wote wakageuka. Wakasogea upande aliosimama yeye. Akahamia upande wa pili, wakahamia. Akasimama kimya, wakasimama kimya, wakamtazama kama Bomba alivyomtazama siku ile: hawakumshitaki, walimngoja tu.

*

Saa saba mchana wenzake walikwenda kula. Macho alibaki, maana siku hizo alikwepa kukaa na watu wanaocheka. Taa zote ziliwaka, jua lilikuwa limesimama dirishani, na chumba kizima hakikuwa na giza hata la kumtosha mende kujificha. Watu husema jini hupenda giza. Huyu hakulihitaji.

Kwanza matone yakanyamaza. To, to, halafu basi. Macho akatazama juu. Tone lilikuwa linaning'inia mdomoni mwa neli, limevimba, la kijani, halidondoki wala halirudi. Pampu ya pili nayo ikanyamaza. Alinyoosha mkono aipige kofi, na mkono ukabaki hewani, kwa sababu nyuma yake mtu alikohoa. Kikohozi kidogo. Cha hodi.

"Dada, umepima?"

"Nani?" akanong'ona.

"Dada, umepima?"

"Kaka Bomba, usinifanyie hivyo. Tafadhali."

Aligeuka, na katika pipa lile ambamo kila siku aliona tu mawingu ya rotifa yakipanda na kushuka, aliona mawingu hayo yakikusanyika, yakishikana, yakipata mabega, yakipata shingo, na juu ya shingo hapakuwa na uso bali taji la nywele nyeupe lililozunguka, likizunguka kama rotifa azungushavyo lake kuvuta chakula kinywani, ila hili lilikuwa pana kama sinia, na katikati yake palikuwa na shimo lililofumbuka na kufumba, kufumbuka na kufumba, na mwili uliokuwa chini ya taji ulikuwa angavu kama wa kifaranga, unaona hadi upande wa pili, unaona tumbo, na tumboni, mahali ambapo ungetarajia kijani cha alichokula, Macho aliona midomo, midomo ya mwanamke, ile ile aliyoipaka mafuta asubuhi mbele ya kioo, nayo ilikuwa inasema bila kuchoka na bila kuvuta pumzi, nimepima, nimepima, nimepima, nimepima.

Wenzake walimkuta nje, ameketi kwenye sakafu ya simenti, ameziba mdomo kwa mikono miwili.

*

Mama hakuuliza mengi. Alimshika mkono kama mtoto wa shule akampeleka kwa fundi cherehani.

Fundi huyo alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani na futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni. Ndiye aliyeshona makoti ya kazi ya kituo kizima. Watu walikuwa na utani wao: ukitaka zipu, pita mlango wa mbele, ukitaka jini litoke, zunguka nyuma. Mama na Macho walizunguka nyuma.

"Vua viatu, mwanangu," fundi akasema. "Simama wima. Nyoosha mikono."

Akampima kama mteja: mabega, kifua, mkono, kiuno. Alipofika kiunoni akarudia.

"Koti lako nililishona mwaka jana. Kiuno kimepungua vidole vitatu." Akaikunja futi. "Unaliwa."

"Na nini?" mama akauliza, sauti imeshuka.

"Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Ndiyo maana mnakuja kwangu."

"Fundi, basi tufukize. Ubani ninao hapa."

"Tufukize nini, dada yangu? Huyu si mbu." Fundi akacheka kidogo, kisha akamgusa mama begani. "Hebu nenda mbele ukaniangalizie duka. Akija mtu wa vifungo, mwambie nakuja."

Walipobaki wawili, fundi alikaa kwenye cherehani, akakanyaga kanyagio bila kushona chochote, tr-tr-tr, ili aliye mbele asisikie. "Sema," akasema.

Macho akasema. Alisema yote: picha za harusi, keki, neno lile moja alilolitoa bila kuinua kichwa, hadubini tupu, koti la buluu lililokunjwa mara mbili. Alisema akiwa ameinama, akiyaambia mapande ya nguo sakafuni. Fundi hakushangaa wala hakutikisa kichwa. Hilo lilikuwa gumu zaidi.

"Maji ya chumvi yana wenyewe," fundi akasema. "Siku zote wanapita kwenye mabomba yenu kama wapita njia wengine. Siku ile mmoja akasikia uongo, akauonja, akauona mtamu. Akakaa. Kuna wanaotaka ngoma, kuna wanaotaka manukato. Huyu umemzoesha kula aibu, tena kwa matone. Yule kaka akikusalimia, tone. Bosi akikusifu, tone. Hujampa hata siku moja ya kulala na njaa."

"Nifanyeje, mama?"

"Kamwage uongo huo. Mbele ya aliyeonewa, na mbele ya wale waliomwona akionewa. Si kwa matone. Kwa ndoo. Wote."

Macho akauliza, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuipenda, "Na kikibaki kidogo?"

Fundi alimtazama juu ya miwani. "Mfugaji ni wewe. Niambie wewe. Tone moja linafanya nini?"

Macho aliokota kipande cha nguo sakafuni, akakikunja mara mbili.

Fundi akakata uzi mweupe, akamfunga kwenye kifundo cha mkono, mafundo matatu. "Ukimaliza kusema, utakatika wenyewe. Usiukate."

*

Kesho yake asubuhi walikusanyika katika chumba cha pipa: meneja, wafanyakazi sita, na Bomba, ambaye aliitwa kutoka kwenye kona yake na kuja na grisi mikononi, akasimama mlangoni asije akachafua sakafu. Matone yalidondoka. To, to, to.

Macho alikuwa ameyapanga maneno njia nzima. Alijua yanavyofuatana.

"Siku pipa lile lilipokufa," akasema, "maji hayakuwa yamepimwa. Kupima ni kazi yangu. Sikupima. Bomba hana kosa."

Chumba kikavuta pumzi. Uzi kwenye kifundo ukakaza, kama uliokuwa unavutwa pande mbili. Alihisi nyuzi zake moja moja zikiachia. Bado kidogo. Maneno mawili matatu tu: aliniuliza, nikamwambia nimepima, nikasema uongo. Akafungua kinywa.

"Ulisahau?" meneja akauliza.

Aliuliza kwa upole, na upole huo ndio uliomponza Macho. Lile neno lilikuwa limetandikwa mbele yake, safi, laini, kitanda kwa mtu aliyechoka. Hakuhitaji hata kulitafuta.

"Nilisahau," akasema.

"Na Bomba hakukuuliza?"

To, to, to.

"Labda aliuliza. Pampu zilikuwa na kelele. Sikusikia."

Alimtazama Bomba. Hakupaswa kumtazama. Bomba alijua, masikio yake mwenyewe yalilisikia jibu siku ile. Kwa muda mfupi macho yao yalikutana, kisha Bomba akayateremsha ya kwake hadi sakafuni, na uso wake ukawa mzito kwa haya. Alikuwa anaona haya kwa ajili yake. Yeye aliyeonewa ndiye aliyeinamisha kichwa.

"Yamekwisha, dada," Bomba akasema. "Binadamu husahau."

Watu wakamzunguka. Mmoja akamkumbatia. Mwingine akasema, "Wangapi wangesimama wakasema? Wewe una moyo." Meneja akampa onyo la maandishi, kisha akampa mkono. Bomba akarudishiwa kazi na koti lake la buluu, bado lina mikunjo miwili. Macho alifunika kifundo chake kwa mkono wa koti la kazi, maana uzi haukukatika.

Hata hivyo mambo yalitulia. Maiti za rotifa zikabaki maiti. Matumbo ya vifaranga yakajaa, ya kijani, mviringo. Chai ya nyumbani ikanuka chai, na mama akapiga vigelegele peke yake jikoni, akasema kesho anampelekea fundi kitenge. Macho alisubiri siku tatu. Siku ya nne aliingia msalani, akafunga mlango, akaukata uzi kwa wembe. Ulikuwa mgumu kuliko uzi. Akautupa kwenye shimo, akavuta maji, akamwonyesha mama yake kifundo kitupu.

"Umekatika wenyewe?"

"Wenyewe, mama."

"Alhamdulillahi," mama akasema, akambusu kiganja.

*

Wiki ya tatu baada ya hapo, tangi jeupe lilikuwa limejaa maji mapya. Macho alikuwa amesimama mezani. Simu ilikuwa mkobani, mkoba ulikuwa kabatini. Siku hizi alifanya hivyo. Kichupa cha kioo kilikuwa mkononi mwake, kikavu, na chupa ya dawa ya kupimia bado ina kifuniko. Alikuwa anakwenda kupima. Hatua nne zilibaki kufika kwenye tangi.

Bomba aliingia, koti la buluu limefungwa hadi shingoni. Akasimama kwenye koki. Akakohoa kidogo.

"Dada, umepima?"

Macho alifungua kinywa aseme bado, ningoje.

"Nimepima," ikasema sauti yake.

Haikutoka kwake. Ilitoka nyuma yake, kwenye pipa, nyepesi, isiyo na haraka, sauti ya mtu asiyeinua kichwa. Bomba hakushtuka, kwa nini ashtuke? Sauti ile aliijua.

"Asante, dada," akasema, akaweka mkono kwenye koki.

Nafasi ilikuwepo. Matone yalikuwa yamenyamaza, tone la kijani linaning'inia mdomoni mwa neli, na mkono wa Bomba ulikuwa haujageuka. Ilitosha neno moja: sijapima. Lakini akisema sijapima, Bomba atauliza, sasa aliyenijibu ni nani, na akimwambia ni nani, atauliza, na amekaa humu tangu lini, na amekula nini, na watu watakuja, na meneja atakuja, na wote watajua kwamba siku ile alisikia, alisikia vizuri sana, na akajibu, na siku aliyopaswa kumwaga ndoo alibakiza, na aliyemkumbatia atakumbuka mikono yake ilipokuwa, na mama ataomba kuona kifundo tena, na Bomba, ambaye anajua tayari, atainamisha tena kichwa kwa ajili yake, na hilo hataliweza, lolote lakini si hilo.

Macho akainama, akaweka jicho kwenye hadubini.

Koki ikageuka. Maji yakaanza kupita bombani, na harufu ikapanda chumbani, kali, nyeupe, harufu ya mashuka yaliyooshwa. Na chini ya lenzi, ambako hakuwa ameweka kitu, kitu kilikuwa kinakula.